Somo wangu hakunifundisha kutoka

Chaki ililowa. Ndivyo ninavyoikumbuka siku ile. Ilikuwa Julai 2021, kipindi cha tatu, kidato cha pili, hapa Tanga. Kusi lilikuwa linavuma tangu alfajiri na watoto wawili waliokaa dirishani walikuwa wamejikunyata ndani ya masweta. Mimi niko ubaoni, ngeli ya U–I, mti–miti, mkono–mikono. Nikiwa naanza mstari wa tatu nikahisi kitu kinapanda kutoka kifuani kwenda shingoni hadi usoni, kama ule mvuke unaokupiga ukifunua sufuria la pilau lililopaliwa makaa. Kiganja kikatota. Chaki ikawa inateleza ubaoni, inaacha alama ya maji badala ya herufi. Nikachukua nyingine, nayo ikalowa. Jasho likanishuka mgongoni ndani ya baibui mpaka kiunoni.

Msichana wa dawati la mbele akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, unaumwa?"

Nikamjibu, "Malaria tu, mwanangu." Nilikuwa na miaka 48, na hilo ndilo jina pekee la jasho nililokuwa nalo. Kwamba ni mwanzo wa kukoma hedhi, sikujua bado.

Jioni yake nikaenda zahanati. Wakanitoboa kidole, kipimo cha haraka kikasema hakuna vimelea. Nikapewa dawa mseto hata hivyo, kwa kuwa dalili zipo: vidonge vinne asubuhi, vinne jioni, siku tatu. Nikameza. Joto likaendelea kuja, mara mbili mara tatu kwa siku, na usiku ndiyo hasa. Baada ya wiki sita nikarudi, nikapewa tena dawa mseto. Mara ya tatu ikawa taifodi, nikachomwa sindano siku tano. Mara ya nne nilikwenda kwa sababu moyo ulikuwa unanidunda usiku hadi naamka nimekaa kitandani, nikaambiwa nina mawazo, nipumzike.

Sitaji zahanati wala mtu, kwa sababu najua yangetokea hayo hayo kwenye zahanati nyingine nyingi. Lakini jambo hili linaniuma mpaka leo. Mwanamke wa miaka 48 anaingia mlangoni kwako mara nne kwa jasho lile lile, na hakuna anayemuuliza swali la maneno matano: siku zako za mwezi zikoje? Na mimi nami sikusema. Niliona ni mambo mawili tofauti. Jasho ni la malaria, hedhi ni ya hedhi.

Maana hedhi nayo ilikuwa imeanza vituko. Maisha yangu yote nilikuwa mtu wa siku 28, ungeweza kupanga kalenda ya shule kwa mwili wangu. Mwaka ule ikaruka miezi miwili. Nikaingiwa na hofu. Kitinda mimba wangu alikuwa ameshaingia kidato cha kwanza, naanzaje upya na nepi? Nikakata barabara saba za Ngamiani kwenda kununua kipimo cha mimba kwenye duka la dawa ambako hawanijui, nikapimia chooni shuleni. Mstari mmoja. Sikuwa na mimba. Nikamshukuru Mungu nikarudi darasani.

Mwezi wa tatu damu ikaja kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Tulikuwa kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu, tumekaa mkekani tunasubiri bibi harusi atoke. Nilipotaka kusimama nikahisi imemwagika. Binamu yangu aliyekuwa nyuma aliona kabla yangu. Hakusema neno, alivua kanga yake ya juu akanifunga kiunoni, akaninyanyua kwa mkono kama anayenipeleka kucheza. Nikatoka pale kwa heshima yangu. Damu ile ilikwenda siku 17.

Siku 17 kwa Mwislamu ni suala la sala pia. Siku ya kumi na sita nilimfuata mwalimu wetu wa madrasa ya akina mama, mtu mzima, nikamweleza kwa kunong'ona. Akanifafanulia istihadha: damu ikipita kikomo cha hedhi yako, ni damu ya maradhi, haikuondolei sala. Oga, jifunge vizuri, tia udhu mpya kwa kila sala, uswali. Kisha akasema, "Dini nimekujibu. Sasa nenda hospitali, mwanangu." Yeye ndiye mtu wa kwanza aliyenituma mahali sahihi.

Daktari niliyempata ni wa magonjwa ya wanawake, mwanamke wa umri wangu, mwenye miwani aliyoitundika shingoni kwa kamba. Swali lake la kwanza: "Mara ya mwisho kuona siku zako ni lini, na kabla ya hapo zilikuwaje?" Nikamweleza yote, pamoja na chaki. Alinisikiliza hadi mwisho. Akapima presha, sukari, tezi ya shingo na wingi wa damu, akanifanyia altrasaundi, akachukua na kipande kidogo cha utando wa ndani ya kizazi kikachunguzwe, kwa sababu damu nyingi kwa mtu aliyepita miaka 45 haiachwi bila kuangaliwa. Damu yangu ilikuwa pungufu, 9. Nikaanza vidonge vya kuongeza damu. Kile kipande kilirudi salama.

Homoni hakunipima. Nilimuuliza, maana nilishasikia wenzangu wakilipia kipimo hicho pesa nyingi. Akasema kwa umri wangu maelezo yangu yanatosha, kwa kuwa homoni zenyewe wakati huu leo ziko juu kesho ziko chini, ukipima unapata picha ya siku moja tu.

Kisha akanieleza, na ninataka nimnukuu kadiri ninavyokumbuka, kwa sababu sijawahi kuelezwa mwili wangu hivyo. Mwanamke anazaliwa na mayai yake yote, milioni moja hadi mbili. Anapovunja ungo yamebaki kama laki tatu au nne. Hapana jipya linalotengenezwa. Yanapungua tu, kila mwezi, mwaka hadi mwaka, mpaka karibu na hamsini yamebaki kama elfu moja. Mifuko ya mayai ndiyo inayotengeneza estrojeni, ile homoni ya kike iliyozoeleka mwilini kuanzia mifupa, moyo, ngozi, kibofu hadi ubongo. Mayai yakikaribia kwisha, mifuko haifungi kazi siku moja. Kuna mwezi inafanya kazi kupita kiasi, kuna mwezi inagoma. Ndiyo miezi iliyoruka, ndiyo na ile damu ya harusini. Kuyumba huko kunaweza kuchukua miaka minne na zaidi.

Kukoma hedhi kwenyewe kunahesabiwa kinyumenyume. Ukitimiza miezi 12 mfululizo bila hata tone, ndipo unaweza kusema nilikoma mwaka jana. Wengi wanafikia hapo kati ya miaka 45 na 55. Ikitokea kabla ya 40, usikae nyumbani ukasema ni bahati ya ukoo, nenda ukachunguzwe. Na kabla ya miezi hiyo kutimia mimba bado inaweza kuingia. Hofu yangu ya Ngamiani haikuwa ya kijinga.

Nikamuuliza, na joto je? Akachukua korosho. Kweli, alikuwa na korosho mezani ndani ya kikopo, akaniwekea moja kiganjani. Akasema kwenye ubongo kuna sehemu ndogo kama hii, inaitwa haipothalamasi, ndiyo mlinzi wa joto la mwili. Estrojeni ikiyumba, mlinzi huyu anakuwa mwepesi wa kushtuka. Joto dogo ambalo zamani asingelijali, chai, baibui, kukasirika, sasa analipigia mbiu ya hatari. Mishipa ya ngozi inafunguka, uso unawaka, jasho linamwagika ili mwili upoe. Kumbe haukuwa na joto la kupozwa, ndiyo maana dakika chache baadaye unasikia baridi na nguo zimelowa. Kipimajoto hakikuonyesha homa zahanati kwa sababu homa haikuwepo.

Nilitoka nikakaa kwenye benchi la nje chini ya mwarobaini. Ile korosho bado ninayo mkononi. Nikamkumbuka somo wangu, yule kungwi aliyenifunda.

Nilivunja ungo mwaka 1986, Pangani, nikiwa na miaka 13. Sisi wa pwani tunajua maana yake. Mama hakusema na mimi neno, alikwenda kumwita somo. Alikuja jioni na mkoba wa ukili. Nikawekwa ndani siku saba. Alinifundisha kuchana kanga kuukuu na kuikunja mara tatu, kuifua peke yake na kuianika chini ya nguo nyingine juani. Alinifundisha kuhesabu kwa mwezi wa angani, kujitwaharisha, kukaa, kuamkia wakubwa, na mambo ya mume ambayo wakati ule sikuyaelewa nikayaelewa baadaye. Kila kitu kilikuwa na wimbo wake. Siku ya kutolewa nje nilipakwa liwa na kushangiliwa na mtaa mzima. Damu ile ilipokelewa kama mgeni wa heshima. Miaka 35 baadaye inaondoka, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuja kuketi nami mkekani kuniambia itaondokaje.

Hili ndilo hasa lililonifanya niandike. Tuna mafunzo ya kuingia. Ya kutoka hatuna.

Mambo ya nyumbani nayasema kwa ufupi, lakini nayasema. Usiku shuka lilikuwa linalowa hadi naliondoa na kutandika kanga mbili, moja chini na nyingine mkononi ya kujifutia. Nikiwasha feni mume wangu anakohoa. Nikizima, ninawaka. Nikawa naamka saa nane ninakwenda kulala sebuleni kwenye mkeka, sakafuni kuna ubaridi. Yeye akaelewa nimemkimbia. Na lile tendo lenyewe lilikuwa limeanza kuuma, kukavu, nikawa natafuta visingizio, naye akanyamaza kwa namna ya mwanamume aliyeumia. Miezi minane tuliishi hivyo, watu wawili wenye adabu.

Baada ya kwenda hospitali nilimwambia. Tulikuwa tumekaa barazani baada ya Isha. Nilimweleza yote, mayai, estrojeni, korosho. Aliniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo si kwamba umenichoka?" Moyo ulinikatika. Nikamwambia hapana, mume wangu. Kesho yake akarudi na feni ndogo ya kuchaji, ile inayofanya kazi hata umeme ukikatika, akaiweka upande wangu wa kitanda ielekee kwangu. Kile kifeni ndicho kilinirudisha chumbani.

Ule ukavu, dada zangu, una sababu na una dawa. Estrojeni ndiyo inayofanya ngozi ya ukeni iwe nene, laini na yenye majimaji. Ikipungua, ngozi inakuwa nyembamba na njia ya mkojo nayo inadhoofika, wadudu wanaingia kirahisi. Mwaka mmoja nilitibiwa U.T.I. mara nne, na kila mara nikitiliwa shaka kwamba mume wangu anatoka nje. Kuna vilainishi vya maji vinavyouzwa maduka ya dawa, na kuna krimu ya estrojeni inayopakwa palepale, kiasi kidogo sana kisichosambaa sana mwilini. Joto la mwili mara nyingi hupoa lenyewe baada ya miaka. Ukavu hauponi kwa kusubiri, unazidi.

Na lile joto, miaka mingapi? Ninaulizwa kila siku. Utafiti mmoja wa Marekani uliofuatilia wanawake kwa miaka mingi ulikuta kuwa kati ya wale wenye joto la mara kwa mara, nusu lilikaa nao zaidi ya miaka 7. Kwa wanawake weusi kipimo hicho kilipita miaka 10. Mimi nipo mwaka wa nne na limepungua sana, labda mara mbili kwa wiki. Kahawa ya usiku niliacha. Nguo za pamba tu. Darasani nina chupa ya maji na kitambaa, na wanafunzi wangu wa kike wa kidato cha nne wanajua kwa nini, kwa sababu niliwaambia.

Kichwa nacho kilinitisha. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, maneno ndiyo jembe langu. Siku moja nilisimama mbele ya darasa nikalisahau neno "kirai". Nililiona umbo lake, nikaijua mifano yake, jina haliji. Nilidhani ndiyo mwanzo wa kupoteza akili kama bibi mzaa baba. Na hasira, nilimfokea mtoto kwa kuangusha rula, akalia, na mimi nikaenda kulia stoo. Daktari alisema kusahau, kukosa usingizi na moyo kubadilika vinaandamana na kuyumba kwa homoni, na kwamba kwa walio wengi kichwa kinatulia. Kimetulia. Lakini akaniambia pia, huzuni ikikaa wiki mbili haitoki, uone huna hamu ya kitu chochote, hiyo usiisingizie hedhi, njoo.

Mifupa sikuwa nimeifikiria kabisa. Mama yangu aliteleza bafuni akiwa na miaka 67, kuanguka kwa kawaida tu, akavunjika mkono kwenye kifundo. Tulisema ni uzee. Nilipoambiwa kuwa katika miaka mitano ya mwanzo baada ya hedhi kukoma mwanamke anaweza kupoteza hata sehemu moja ya kumi ya uimara wa mifupa yake, nikauona ule mkono wa mama ulivyopinda. Sasa nakula dagaa mara tatu kwa wiki, wakavu, na mifupa yao, maana chokaa ya mwili iko humo, na mtindi kila jioni. Shuleni nakwenda kwa miguu, dakika 35, bodaboda wameacha kunipigia honi. Moyo nao unapoteza kinga yake. Presha yangu ilikutwa 150 kwa 95, nameza dawa, na mwanamke yeyote wa umri huu apime hata kama anajisikia mzima.

Sasa niseme kuhusu homoni za dawa, kwa sababu hapa ndipo uvumi ulipojaa. Kila nikitaja, mtu ananiambia, "Hizo zinaleta saratani." Maneno hayo yana chanzo. Mwaka 2002 Marekani walisimamisha utafiti mkubwa wa wanawake zaidi ya 16,000 waliokuwa wanapewa estrojeni pamoja na projestini (dawa inayofanya kazi ya projesteroni, homoni ya pili ya kike) au kidonge kitupu kisicho na dawa, kwa kuwa saratani ya matiti ilionekana kuzidi. Habari ikazunguka dunia na madaktari wengi wakaacha kuandika dawa hizo. Kuzidi kwenyewe kulikuwa wanawake 8 kwa kila 10,000 kwa mwaka. Na wastani wa umri wa waliopimwa ulikuwa miaka 63, watu waliokwisha kukoma zamani. Leo wataalamu wanasema mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye haijapita miaka 10 tangu akome, asiye na kizuizi, mara nyingi faida kwake inazidi hatari. Vizuizi vipo: aliyewahi kuugua saratani ya matiti, aliyewahi kuganda damu kwenye mishipa, ugonjwa mkubwa wa ini, damu isiyojulikana inatoka wapi. Na mwenye kizazi chake hapewi estrojeni peke yake, lazima na projesteroni, la sivyo utando wa kizazi unaota kupita kiasi.

Mimi sikuzitumia za kumeza. Marehemu dada yangu mkubwa aliugua titi, nikaogopa, na joto langu lilivumilika. Ni uamuzi wangu, sitaki uwe wa mtu mwingine. Nina mwalimu mwenzangu aliyetolewa mifuko yote miwili ya mayai akiwa na miaka 39 kwa ajili ya uvimbe. Yeye alikoma kwa siku moja, alilala ana homoni akaamka hana. Aliteseka miaka miwili akiambiwa avumilie, mpaka alipopata daktari Dar es Salaam aliyemwambia kwamba kwa umri wake kukosa estrojeni ndiyo hatari yenyewe, kwa mifupa na kwa moyo. Anazitumia, na amerudi kuwa yeye.

Jambo ambalo sitaki msomaji aondoke bila kulishika ni la damu inayorudi. Shangazi yangu alikuwa amekoma miaka minane. Siku moja akaona damu kidogo kwenye nguo ya ndani. Wenzake kibarazani wakamcheka kwa furaha, wakampigia na vigelegele: usichana umekurudia! Akafurahi naye. Damu ikaja, ikaacha, ikaja, mwaka mzima. Alipopelekwa hospitali ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, imekwisha kusambaa. Nilimpeleka mwenyewe Ocean Road, hospitali ya saratani, kwa mionzi, tulilala Dar wiki tano kwa ndugu. Alifariki Agosti mwaka uliofuata. Hakuna saratani inayoua wanawake wengi Tanzania kama hiyo, na ni moja ya zile zinazoonekana mapema ukitazamwa.

Ukishatimiza mwaka mmoja bila hedhi, tone moja tu, hata la rangi ya chai, ni safari ya hospitali. Mara nyingi itakuwa jambo dogo. Nenda ukaambiwe ni dogo. Na jambo ambalo wengi hawaelezwi: kile kipimo cha siki, cha kupakwa siki kwenye mlango wa kizazi na kutazamwa, kinachosaidia sana wanawake wadogo, baada ya kukoma hakiaminiki sana, kwa sababu sehemu inayotakiwa kuangaliwa huwa imejificha ndani ya mlango wa kizazi. Uliza kuhusu kipimo cha HPV, kirusi kinacholeta saratani hiyo.

Damu yangu ya mwisho ilikuwa Novemba 2022. Ramadhani iliyofuata nilifunga mwezi mzima nikiwa na wasiwasi kila siku. Ya 2024 nilifunga nikijua. Wanawake tunaofunga tunafahamu lile deni la siku sita saba, kula kwa kujificha jikoni watoto wasione, kisha kulipa Shaaban kwa haraka kabla mwezi haujaandama tena. Kabla ya hizo mbili, tangu miaka 13 sikuwahi kuimaliza Ramadhani bila deni. Usiku wa kuamkia Idi mwaka ule nilihesabu siku zangu kwa vidole nikakuta zote zipo. Nilifurahi, kisha nikalia, na sikujua nalia nini. Mume wangu alinikuta nimekaa na tasbihi akaketi karibu nami.

Juni mwaka huu nilikwenda kumwona somo wangu. Anaishi Bweni, ng'ambo ya Mto Pangani, nilivuka kwa kivuko. Amefika kama miaka 79, macho hafifu, mkono bado mwepesi kwenye ukili. Nilimwamkia, nikampa sukari na kanga niliyomletea, tukakaa. Nilikuwa nimebeba lawama yangu miaka minne. Nikamwambia, "Somo, mbona ulinifundisha kuingia, hukunifundisha kutoka?"

Akaacha kusuka. "Mimi nilikufunda nikiwa na miaka arobaini, mwanangu. Nilikuwa sijafika huko."

Hilo sikuwa nimelifikiri. Aliendelea taratibu. Alipofika alidhani amerogwa. Alikuwa akiamka usiku anakwenda kusimama mtoni maji yakimfika magotini, apoe, na watu waliomwona walisema maneno. Alikunywa kombe, yale maji yaliyooshewa aya za Kurani, alichanjwa chale. Naye alimfuata kungwi aliyemfunda yeye, akakuta amekwisha kufa.

Tukakaa kimya. Boti za wavuvi zilikuwa zinaingia. Kisha akavuta kanga mdomoni akasema, kama anayeongelea hali ya hewa, kwamba mwezi uliopita ameona damu. Kidogo. Mara mbili.

Tulivuka pamoja asubuhi iliyofuata. Daktari wa miwani ya kamba alimpokea kwa shikamoo, akampima kila kitu, altrasaundi, kipande cha utando, kipimo cha HPV. Wiki tatu baadaye majibu yalitoka: ukuta wa uke umekuwa mwembamba na mkavu kwa kukosa estrojeni kwa miaka mingi, ukapasuka. Hakuna saratani. Akapewa krimu. Nilimpigia simu kumwambia, akanirudisha mara mbili niseme polepole, hasa pale kwenye mayai milioni moja. Alitaka hesabu ya mayai ikae kichwani.

Jana usiku amenipigia yeye. Ameshawaambia wenzake wa uani, na wanne wanasema nao wameona, mmoja tangu mwaka juzi. Nimeomba ruhusa kwa mkuu wa shule. Jumatano nakwenda Bweni kuwachukua.